Mkono Nilioutoa Baharini

Sikulazimishi uniamini. Mke wangu mwenyewe, siku nilipomweleza, aliniwekea kiganja kwenye paji la uso kupima kama nina homa. Lakini haya yalinitokea mimi, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu, na shahidi yupo, mzima, anaishi Ixelles, mtaa wa Brussels. Na kama ni uongo, hebu niambie, ningepata faida gani kuusema?

Mimi ni mtu wa Bujumbura, mzaliwa wa mtaa wa Buyenzi. Nilikuja Ubelgiji kijana, nikiwa mkimbizi, na mvi zimenikuta hapa hapa Brussels, upande wa Forest. Nilifanya kazi kwenye kiwanda cha magari mpaka kilipofunga milango. Habari za kiwanda sitaki kuzirudia. Nataka tu ujue kwamba msimu ule wa baridi nilikuwa mtu wa kushinda nyumbani. Mwili ulikuwa umezoea kuamka alfajiri, basi naamka, naswali, navaa mpaka viatu, halafu nakumbuka sina ninakokwenda. Mke wangu Zaina anaondoka kwenda kuhudumia wazee wa watu, mimi ananiacha nimeketi ukingoni mwa kitanda. Akirudi, mara nyingine ananikuta pale pale.

Sasa, kiwandani nilikuwa na mwenzangu mmoja, mtu mzima wa Lubumbashi, tukimwita Tonton, yaani mjomba, Tonton Dieudonné. Mkristo wa kanisani, mpole, na katika maisha yake ana ulevi mmoja tu: ndege. Kila Jumamosi utamkuta msituni upande wa Auderghem, darubini shingoni, anatazama juu ya miti kama wenzake wanavyotazama mpira. Ndiye aliyenipigia simu akaniambia kuna boti pwani inayopeleka watu kuona ndege na wanyama wa baharini, na mwongozaji wa kueleza kila kitu, na kwamba ameshanikatia tiketi.

"Bon, usibaki tu ku nyumba sawa mugonjwa," akasema. "Tuende tuone ba pingouins."

Pengwini, Ubelgiji? Nilicheka, na nadhani ndicho kilichonifanya nikubali, kwa kuwa nilikuwa sijacheka siku nyingi. Zaina akanifungia chapati na chai ya tangawizi kwenye chupa, akafurahi kana kwamba nimeitwa kazini.

Tulipanda treni pale stesheni ya Midi asubuhi. Njia nzima Tonton alinieleza kwamba hawa si wale pengwini wa kwenye barafu tunaowaona kwenye televisheni. Ni ndege wadogo, weusi mgongoni, weupe kifuani, Kifaransa ndicho kilichowapa jina hilo. Wanaruka, lakini wakati wa baridi wanaishi majini, mbali na nchi kavu. Nikamwambia basi tumedanganywa. Akaniambia nisubiri niwaone kwanza.

Boti yenyewe haikuwa kubwa. Abiria wengi walikuwa wazee wa Kiflemi, wake kwa waume, na kamera zao. Mwongozaji alikuwa msichana mrefu aitwaye Lotte, anasema Kiflemi kisha anarudia kwa Kifaransa kwa ajili yetu. Alitugawia majaketi ya kuelea, mekundu, mapya, akahakikisha kila mmoja amefunga mikanda. Alituambia tusipige kelele, tusirushe chakula, na tusiguse mnyama yeyote hata akija karibu. Kumbuka hilo la kutogusa. Mimi nililisikia vizuri kabisa.

Tukatoka. Bahari ile haina rangi ya bahari. Ni kijivu, na mbingu ni kijivu, na hujui moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Baridi inaingia kwenye meno. Tukapita karibu na fungu la mchanga, na juu yake wamelala sili, wale wanyama wa baharini wenye mapezi badala ya miguu, wanene, wametulia kama magunia yaliyolowa. Lotte akazungumza kwa sauti ya chini. Wengine walitugeukia na macho yao makubwa meusi. Nakuambia ukweli, sikuyapenda macho yale. Ni macho ya mtu aliyelia akamaliza.

Tulipofika mbali zaidi, ukungu ukashuka. Nahodha akapunguza mwendo, kisha akazima injini, maana Lotte alikuwa ameona ndege wake upande wa kushoto, mbele. Watu wote wakasogea huko. Nilimwona Tonton amesimama kwa vidole vya miguu kama mtoto, darubini machoni. Na mimi niliwaona, pengwini wake: vitu vidogo vyeusi na vyeupe vinapanda na kushuka na mawimbi, vinazama, vinaibuka. Nikaona vizuri, nikashukuru, nikawaachia nafasi wenye kamera. Nikaenda nyuma ya boti, peke yangu, nikashika chuma cha ukingoni, nikavuta pumzi.

Hapo ndipo niliposikia mtu anasema, "Asalaam aleikum, baba."

Nilijibu kabla sijageuka. Ndivyo tulivyolelewa, salamu haisubiri kujua ni ya nani. Nilipotazama, nikaona kijana. Alikuwa chini yangu kidogo, nje ya ukingo, kichwa na mabega yake tu ndivyo vinaonekana, kama mtu aliyesimama kwenye ngazi ya nyuma ya boti. Nikadhani ni mfanyakazi wa boti, anafunga kamba au anasafisha kitu. Alivaa jaketi la kuelea la rangi ya machungwa, lililochakaa, mikanda yake membamba kama ya mfuko wa shule. Nywele zimelowa.

"Wewe ni mtu wa Buyenzi," akaniambia.

Si kwamba aliuliza. Nami, wallahi, nilifurahi. Ni lini mara ya mwisho mtu alinitambua kwa jinsi ninavyojibu salamu? Nikamuuliza yeye je, akasema na yeye ni wa huko huko, mama yake ndiye anayepika vitumbua karibu na msikiti, anaitwa Mama Shabani. Shabani ni yeye. Tukaongea kama watu waliokutana kwenye kituo cha basi. Nikamuuliza ameanza lini kazi hii, hakunijibu. Nikamuuliza anaishi mji gani, akasema, "Nilikuwa naenda Uingereza."

Alisema hivyo kwa utulivu. Kisha akaniambia ana ujumbe wa nyumbani, na kama mimi ni mtu wa amana, niufikishe. Dada yake Mwajuma amechumbiwa, lakini mama ameapa kwamba hakuna ndoa mpaka Shabani arudi amuoze dada yake mwenyewe, maana baba yao alishafariki. Msichana anasubiri, na mchumba anakaribia kuchoka. Na tena mama na Mwajuma hawasemezani vizuri kwa sababu ya kofia ya marehemu baba, ile ya kushonwa kwa mkono, iliyopotea kwenye sanduku. Mama anaamini Mwajuma aliitoa akampa mchumba.

"Mwambie mama kofia niliichukua mimi," akasema. "Nilisafiri nayo. Mwajuma hajui kitu. Na waambie wanisalie. Wasiningoje."

Niliusikia ujumbe, lakini akili yangu ilikuwa imeshikwa na jambo lingine. Mimi nilipokuwa nikisema, mvuke ulikuwa unatoka mdomoni, kama unavyotoka mtu akizungumza kwenye baridi kali. Yeye alikuwa anasema, mdomo unafunguka, na hakuna mvuke. Nilimtazama muda, nikingoja utoke. Haukutoka.

Ungefanya nini wewe? Wengi wananiambia wangepiga kelele, wangekimbia. Mimi sikukimbia. Huruma ilikuwa nyingi kuliko woga. Alikuwa mtoto wa nyumbani. Angeweza kuwa mtoto wangu.

Kisha akanyoosha mkono, akasema, "Baba, nishike. Nimechoka."

Nikampa mkono wangu wa kulia, ukiwa ndani ya glavu.

Umewahi kushika chuma kilicholala nje wakati wa theluji, kikakung'ang'ania ngozi? Ndivyo ilivyokuwa. Na mara moja nikahisi uzito. Hakunivuta kwa ubaya, hilo naapa. Alikuwa anajaribu kupanda, kama mtu yeyote anavyojaribu kupanda. Lakini uzito wake haukuwa wa kijana mmoja. Nilijizuia kwa mkono mwingine, chuma kikaniponyoka, kifua kikapita ukingo, nikaona maji karibu na uso wangu, meusi, bila povu. Sikuwa na hofu. Nataka uelewe, hapo ndipo hatari ilipo. Nilikuwa nimeanza kuona kwamba kwenda ni jambo la kawaida tu.

Mtu akanikamata mshipi kwa nyuma, akanirudisha ndani kwa nguvu mpaka tukaanguka wote wawili chali. Alikuwa Tonton Dieudonné. Darubini yake ilikuwa imevunjika kioo.

"Ulikuwa nasemesha nani?" akaniuliza.

Nikamwambia kijana, kijana wa kwenye ngazi. Tonton akatazama nyuma ya boti, nami nikatazama. Ngazi ilikuwa ndani, imelazwa sakafuni, imefungwa kwa kamba. Pale nje hapakuwa na mahali pa kusimama hata paka. Majini, hatua chache kutoka kwetu, palikuwa na sili mmoja, kichwa nje, anatutazama. Akakaa hivyo muda, kisha akazama taratibu.

Lotte alikuja mbio. Alinikemea, ana haki, akasema sili ni wadadisi, hujisogeza kwenye boti, na nimekosea kumnyooshea mkono. Akauliza kama nimeng'atwa. Akanivua glavu akakikagua kiganja changu. Hapakuwa na jeraha. Kilikuwa kimepauka tu, kama kimeloweshwa siku nzima. Na glavu, nakuambia, ilikuwa kavu.

Kwenye treni ya kurudi Tonton aliipangusa darubini yake iliyovunjika mpaka tulipokaribia Brussels. Ndipo akaniambia juu ya yule sili, kwa sauti ya chini, akiangalia dirishani: "Mi sikuona muntu. Niliona ile nyama ya mayi. Lakini ile nyama ilikuwa nakusikiliza, na weye ulikuwa nanyamaza sawa muntu anajibiwa. Donc, siwezi kukuambia haikuwa kitu."

Nyumbani, Zaina alipomaliza kunipima homa, alikaa nami jikoni akanisikiliza tena tangu mwanzo. Mwisho akasema maneno yaliyonitia hofu kuliko bahari. Akasema, na kama ni shetani aliyekudanganya? Kama huyo kijana yuko hai mahali fulani, amefungwa, au anaona haya kupiga simu, nawe unampigia mama yake kumwambia amsalie sala ya maiti? Utakuwa umemuua mtoto wa watu kwa mdomo.

Nilikwenda kwa shehe wa msikiti wetu mdogo, mzee wa Kimoroko, nikamweleza kwa Kifaransa changu. Alinisikiliza bila kunikatiza. Akasema wafu hawarudi kutembea nasi, na juu ya nilichokiona, Mungu ndiye ajuaye. Nisijenge dini yangu juu yake. Lakini akaniuliza: ujumbe uliopewa unamdhuru mtu? Nikasema la kifo, kama ni uongo, linamdhuru mama. Na la kofia? La kofia, nikasema, linamwokoa binti. Akasema basi nianze na la kofia.

Binamu yangu Hawa yuko Buyenzi mpaka leo. Nilimuuliza tu kama anamjua Mama Shabani anayepika vitumbua karibu na msikiti. Nilikuwa naomba aseme hayupo mtu kama huyo. Wallahi nilikuwa naomba hivyo. Hawa akasema, nani asiyemjua? Yule maskini ambaye mwanawe alikwenda Ulaya na simu yake haipatikani tangu mwaka juzi?

Akanitafutia nafasi ya kuzungumza naye. Ilikuwa alasiri, Zaina amekaa mbele yangu, simu iko mezani imewekwa sauti ya nje. Mama yule alinisalimia vizuri, akaniuliza watoto, akaniuliza baridi ya huku. Nikamwambia nimekutana na mtu aliyenipa ujumbe, kwamba ile kofia ya marehemu mumewe Shabani ndiye aliyeichukua aliposafiri, Mwajuma hana kosa.

Nyuma yake nilikuwa nasikia mafuta yanakaanga.

"Huyo mtu ulikutana naye wapi?" akauliza.

Nikasema baharini.

"Juu ya maji, au ndani ya maji?"

Nilifungua mdomo, nikamtazama Zaina, naye machozi yalikuwa yanamtiririka. Mama akasubiri jibu, halafu akaacha kulisubiri.

"Basi," akasema. "Ahsante, ndugu yangu. Ngoja nizime moto."

Mimi sikumwambia kwamba mwanawe amekufa. Sikutamka neno hilo, na sijalitamka kwake mpaka leo. Lakini jioni ile ile alimwita Mwajuma, akamwomba msamaha mbele ya majirani. Kisha akaketi kwenye mkeka, akawaambia watu Shabani wangu ameshatangulia. Wengine walimkatalia, wakasema usimzike mtu kwa simu ya mgeni. Akawajibu kwamba habari za kofia hakuwahi kuzitoa nje ya nyumba yake.

Habari za msiba zina miguu. Zilipofika Uingereza, zikamkuta kijana mmoja wa huko huko mtaani kwao, aliyekuwa amesafiri na Shabani. Alipiga simu kwa Mama Shabani akilia. Walipanda pamoja chombo cha mpira, asubuhi yenye ukungu, kikajaa maji wakiwa mbali na pwani. Yeye aliokolewa. Mara ya mwisho alimwona Shabani ameshikilia kamba, anamwambia mtu aliye karibu naye amshike mkono. Huyo kijana alikaa muda wote ule bila kumwambia mama, kwa sababu hakujua aanzie wapi, na kwa sababu aliyekuwa karibu na Shabani, aliyeombwa mkono, alikuwa yeye.

Sala ikasaliwa Buyenzi, na sisi tukamsalia hapa Forest, wachache tuliokuwepo. Tonton Dieudonné alikuja, akasimama nyuma mlangoni amevua kofia. Miezi ilipopita Mwajuma akaolewa, akaozwa na baba yake mdogo. Waliniletea picha kwenye simu. Bibi harusi amecheka, mama yake amekaa kando, amejitahidi.

Nami? Mimi nimebaki na mkono huu. Ukinishika leo utashtuka. Hauna ugonjwa, madaktari wa hapa wameupiga picha, wamepima damu, wamenichoma sindano za kupima mishipa, wanasema mishipa ni mizima. Lakini haupati joto. Si kiangazi, si mbele ya jiko, si nikiushika kikombe cha chai. Zaina alizoea kuushika tukitembea. Siku hizi huzunguka akaja upande wa kushoto, nami namwacha. Nimepata kazi tena, ghala la bidhaa, na wenzangu wananitania kwa nini navaa glavu moja mwezi wa saba. Tonton amenunua darubini mpya, lakini ndege wake sasa ni wa msituni tu. Pwani hataki kuisikia.

Mama Shabani hunipigia kila Ijumaa. Tunasalimiana, tunaulizana watoto. Kisha, kabla hajakata, huniuliza swali lile lile, kwa sauti ya mtu anayeuliza kitu kidogo tu: je, Shabani alikuwa anasikia baridi?

Nami humwambia hapana, mama. Nilimshika mkono. Ulikuwa wa moto.

Sasa wewe unayenisikiliza, nakuomba mambo mawili. Kama una mwanao au mdogo wako aliye njiani, yuko mahali anangoja usiku wa kuvuka maji yale, mpigie leo umwambie arudi, au akae hapo alipo. Hata akikuona mwoga. Na kama siku moja utakuwa baharini huku, umekwenda kutazama ndege, mwongozaji anaeleza, watu wanapiga picha, kisha ukasikia unasalimiwa kwa lugha ya kwenu na mtu usiyemwona alipopandia, mwitikie. Mungu akupe moyo, usimkimbie, maana huenda amengoja sana kupata wa kumsikia. Chukua ujumbe wake. Mwahidi utaufikisha, na ufikishe kweli. Lakini akikuomba mkono, hata akikuita baba, hata machozi yakikutoka, weka mikono yako mfukoni na umwite mtu aliye karibu nawe. Mimi nilikuwa na Tonton Dieudonné nyuma yangu. Sijui wewe utakuwa na nani.